Ukavu Ndio Unaoshika

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na watoto. Natumaini mafua ya kitinda mimba wako yamekwisha. Mimi mwili ni mzima, ila usingizi umenikimbia.

Jana nilikwenda wodini kumwona shemeji. Kidonda pale mkono ulipokatwa kinakauka. Anajifunza kuandika kwa kushoto, na anasema herufi zake zimelewa. Alicheka peke yake. Alinieleza pia kwamba ulimwambia kama angekuwa makini kazini, mkono wake ungekuwepo. Hakulalamika. Alisema una haki ya kukasirika.

Nivumilie nikueleze kazi yetu kidogo. Ile puli, gurudumu la chuma linalozungusha mkanda wa kinu, haikai hivi hivi kwenye shafti, yaani mhimili wake. Katikati huingia bushi, kipande cha chuma chenye mpasuo, kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili. Ukikaza boliti zake, huvutwa ndani ya puli na kuibana shafti. Siku yangu ya kwanza shemeji alinifundisha kuvifuta vyuma hivyo mpaka vikauke kabisa. "Hapa hata jasho lako lisidondoke," aliniambia. "Ukavu ndio unaoshika."

Sasa ile bushi ya zamani ilikuwa imeng'ang'ania. Tulihangaika kuitoa asubuhi nzima, msimamizi akitumwagia matusi. Kwa hiyo tulipofunga mpya, shemeji alipokwenda kuchukua spana, nilijiona mjanja. Nikapaka grisi, kidogo tu, ili siku nyingine itoke kirahisi.

Akarudi, akakaza kama kawaida yake. Kwa ule utelezi bushi iliingia kupita kiasi, ikaitanua puli mpaka ikapata ufa ambao hatukuuona. Kinu kilipowashwa puli ilipasuka, na aliyekuwa karibu ni yeye. Msimamizi akaandika kwamba fundi alikaza ovyo. Nilikuwa nimesimama palepale, dada, na nilinyamaza. Najichukia kwa hilo.

Jana nilipiga moyo konde nikamwambia. Akajibu kwamba anajua tangu siku ile. Aliiona grisi kwenye kipande kilichoangukia miguuni pake, akaifuta kwa shati, kwa mkono uliobaki, kabla msimamizi hajafika. Akaniomba nisikuambie. "Ana mdogo wake mmoja tu," alisema.

Kesho asubuhi nakwenda kwa msimamizi kusema yote. Wabusu watoto kwa niaba yangu. Usinijibu kwanza; nenda wodini.

Ni mimi, mdogo wako