Mbwa wa Marehemu Mke Wangu Anakataa Barafu Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba pia unisome mpaka mwisho kabla hujacheka, kwa sababu jambo lenyewe linamhusu mbwa, na wengi niliowaeleza wamecheka kabla sijafika katikati.

Mimi ni fundi seremala, mtu mzima sasa, naishi hapa Kitete mjini Tabora, na mke wangu Pelagia alifariki mwaka jana mwezi wa kumi, katika lile joto la kabla ya mvua. Aliugua kwa muda mfupi. Tulimzika, matanga yakaisha, binti yetu Sayi akarudi kwake Dodoma, watu wakaondoka na viti vyao vya kuazima, nikabaki na mbwa.

Mbwa huyu anaitwa Tura, kwa sababu alitoka Tura, pale stesheni. Ilikuwa zamani kidogo, tunatoka Dodoma kumwona Sayi, treni ikasimama, wachuuzi wakaja madirishani na mayai na karanga na asali kama kawaida yao, Pelagia akanunua kapu la viazi vitamu, mimi nikalipandisha juu penye mizigo, treni ikaondoka, na baada ya kitambo kapu likalia. Nikamwambia, "Mama Sayi, viazi vyako vinalia." Akanijibu, "Nyamaza, mkaguzi wa tiketi anakuja." Mkaguzi alipopita Pelagia akaanza kukohoa, akakohoa mpaka mkaguzi akampa pole.

Mke wangu alikuwa anauza barafu za ubuyu na ukwaju kwa watoto wa shule, kwa hiyo friji tulikuwa nayo, na siku za joto alikuwa anamtengenezea Tura barafu zake peke yake, za matunda. Anachukua papai lililoiva mpaka watu hawalitaki, anatoa mbegu na maganda, anaponda na ndizi mbivu kwa mwiko, anatia mtindi kidogo, anajaza vikombe vidogo vya plastiki vya rangi ya buluu, visichanganyike na vya biashara. Nilikuwa namwambia, tangu lini mbwa akala aiskrimu, naye ananiambia, tangu lini wewe ukaja mezani bila kuitwa mara mbili. Mchana tukishakula alikuwa anatoa kikombe kimoja, anakiweka dirishani, anaosha vyombo, akimaliza kuosha anamimina kwenye kisahani cha bati, Tura analamba. Nalikumbuka hilo kwa sababu mbwa akilamba anakisukuma kisahani sakafuni mpaka kinagonga mguu wa kiti changu, nami nakirudisha kwa mguu huku nasoma gazeti. Sikuwa natazama. Nilikuwa nasikia tu.

Wakati wa msiba wanawake waliokuwa jikoni walimpa Tura vikombe vilivyobaki, sikuwalaumu, walimwonea huruma, lakini nilipofungua friza nikakuta kimebaki kimoja, nikakisogeza nyuma kabisa. Mvua zikaja, joto likapungua, baadaye ukaja ule ubaridi wa katikati ya mwaka, tukakaa. Sasa joto limerudi na Tura amerudi kulala mbele ya friji. Kila baada ya chakula cha mchana anakwenda pale, anaulaza uso sakafuni, anautazama mlango wa friji. Na anakonda. Ameshazeeka, hata ugali wake lazima niuloweke kwenye mchuzi, na kwa joto hili ugali wenyewe anaula nusu.

Nikaamua nitengeneze mwenyewe. Barafu ya kwanza nilitia papai na sukari, nikaitoa, nikaiweka kwenye kisahani, akainusa, akanitazama, akaondoka. Nikasema labda sukari. Shemeji yangu Revocatus, kaka yake marehemu, anafuga nyuki kule Ipole na alikuwa ameniletea asali, nikatia asali, nadhani nilizidisha, maana haikuganda, ikabaki uji uji, na uji huo aliulamba wote, nikajua ni tamaa ya asali tu, siyo barafu. Nikajaribu tena na asali kidogo, ikaganda vizuri kabisa, akakataa. Hapo Sayi akanitumia zabibu za Dodoma, nzuri, tamu, nikasema huyu mbwa amepita Dodoma ndani ya kapu, labda atazipenda, nikagandisha zabibu ndani ya papai. Akanusa akaondoka. Nikakiacha kisahani pale, nikaenda kwa jirani, niliporudi kisahani kikavu. Nilifurahi sana mshauri. Jioni mbwa akatapika, akatapika tena, akalegea, nikampakia kwenye baiskeli ya matairi matatu ninayobebea mbao mpaka kwa daktari wa mifugo, ambaye aliniuliza amekula nini, nikamwambia zabibu, akashika kichwa. Kumbe zabibu kwa mbwa ni sumu, zinaharibu figo. Alimtundikia maji akapona, lakini amekonda zaidi.

Jirani niliyemtaja anaitwa Lukumani, anauza samaki, ana jenereta. Umeme ukikatika kwa muda mrefu nakifunga kile kikombe cha mwisho cha Pelagia kwa magazeti, nakipeleka kwenye friza yake. Mara ya kwanza aliniuliza, "Baba Sayi, hiki nini?" Nikasema papai. "Papai la nani?" La Tura. Akasema, "Yaani duka langu limekuwa ghala la mbwa! Wateja wangu wakijua nitauza kwa nani?" Nikamwambia mbwa hajakigusa, ni matunda tu na mtindi. Akafikiri, akasema, "Haya, matunda ni matunda. Kiweke juu, mbali na sato wangu." Lakini mara ya mwisho nilipokwenda kukichukua alikishika kidogo kabla hajanipa, akasema, "Mwenzangu, mama Sayi tulimzika. Udongo ulitupa kwa mkono wako, nilikuwa pale." Nilimshukuru kwa umeme.

Sasa mambo yamefika hapa. Revocatus alikuja wiki iliyopita, akamkuta mbwa mbavu zinahesabika, nikamweleza habari ya zabibu, akakasirika, akasema, "Shemeji, huyu utamuua. Nikija kwenye misa ya mwaka, naondoka naye Ipole. Kule kuna kivuli, kuna maji, atanilindia mizinga." Nikamwambia Tura amezoea hapa. Akasema, "Amezoea nini? Friji? Kanga za dada yangu ziligawanywa, vyombo vikagawanywa, mimi niliondoka mikono mitupu na sikusema neno. Mbwa ni wa dada yangu." Nilimpigia Sayi simu, naye akasema, "Baba, mwache mjomba amchukue, utapumzika."

Misa iko karibu. Sina mbwa mwingine wala sitaki mwingine, na nyumba ikiwa haina Tura sijui nitakuwa nasikia nini mchana. Lakini sitaki afe kwa sababu yangu. Nimefikiri nimpe kile kikombe cha mwisho, kwa kuwa hicho najua hatakikataa, apate nguvu, shemeji akija amkute mzima. Nakitoa, nakishika, nakirudisha. Nikimpa kitakuwa kimekwisha, na kesho yake atakuwa tena mbele ya friji, na mimi sina kingine. Nisipompa, anakonda. Nimwachie shemeji, au nifanye nini?

Ni mimi Baba Sayi,
Kitete, Tabora.

MSHAURI ANAJIBU

Baba Sayi, shikamoo. Nimeanza na shikamoo kwa sababu baada ya hapa nitakugombeza.

Pole kwa kumpoteza Mama Sayi. Nimesoma mpaka mwisho kama ulivyotaka. Nilicheka mahali pamoja tu, pale viazi vilipolia, na nadhani hata wewe ulipokuwa unaandika hapo ulitabasamu.

Sasa nikuulize. Mtu akikuletea mlango usiofunga, unaanza kwa kubadilisha rangi? Hapana, unatazama bawaba, unatazama fremu, unatafuta unapokwama. Kwa mbwa wako umebadilisha rangi tu: sukari, asali, zabibu. Hukutazama unapokwama, na umeniandikia mwenyewe bila kujua. Ugali unauloweka kwenye mchuzi. Kwa nini? Asali ilipokataa kuganda, uji wake aliumaliza. Barafu ya zabibu aliikataa, ulipokwenda kupiga soga kwa Lukumani na joto la Tabora likaiyeyusha, akaimaliza. Baba Sayi, mbwa wako ni mzee na meno yanamuuma. Mkono wako hajaukataa. Amekataa jiwe.

Na marehemu alilijua hilo. Uliona akikiweka kikombe dirishani, ukadhani anajipa nafasi ya kuosha vyombo. Alikuwa anangoja kilainike. Mbwa alipoanza kuzeeka mkeo alibadilisha utaratibu wake bila kutangaza, na wewe ulikuwa nyuma ya gazeti. Sikulaumu kwa gazeti. Nakulaumu kwa kuogopa kufanya kama yeye, ukatafuta ufundi wako mwenyewe, wakati kazi yote ilikuwa imeshafanyika mbele yako.

Kwa hiyo leo hii nunua papai lililoiva na ndizi. Mbegu na maganda tupa. Ponda, tia mtindi usio na sukari, gandisha kwenye vikombe vidogo. Ukipata tikiti, ni zuri kwa joto hili, ila toa mbegu zote. Maembe yakianza, nyama yake tu, kokwa usimwachie hata kidogo, litamkaba. Sukari usitie, na asali ya shemeji yako kula wewe. Zabibu zisiingie tena kwenye chakula cha mbwa, mbichi wala kavu, na ukiwa hujui tunda fulani kama linamfaa, uliza kabla, maana safari nyingine daktari huenda asiwahi. Kikombe kimoja kidogo kwa siku kinatosha. Barafu ni kitu cha kumburudisha, hailishi. Chakula chake ni ule ugali uliolowekwa vizuri, na dagaa waliosagwa. Kwa Lukumani uko kila siku, mwombe dagaa. Na mrudishe Tura kwa daktari, safari hii afunguliwe mdomo. Jino bovu likitoka atakula kama zamani.

Sasa shemeji. Usimpe mbwa. Mbwa mzee mwenye meno mabaya hapelekwi porini kulinda mizinga, na ukimweleza hivyo kwa utulivu atakuelewa, maana mfugaji yeyote anajua mnyama aliyezeeka. Lakini pia msikilize anachokuambia. Kanga ziligawanywa kwa wanawake, vyombo kwa wanawake, na kaka mtu, aliyekua naye, akarudi Ipole hana hata kitambaa. Ninyi nyote hamkuliona hilo kwa sababu ndivyo inavyofanyika siku zote. Revocatus hamtafuti mbwa. Anatafuta kitu cha dada yake. Je, lile kapu la Tura bado liko? Nitashangaa kama mke kama huyo alilitupa. Mtolee siku ya misa, mbele ya ndugu, umweleze habari ya mkaguzi na kikohozi. Nakuhakikishia hajaisikia, ungekuwa umemsimulia ungekuwa umeniandikia. Kama kapu halipo, tafuta kingine alichokishika Pelagia kila siku, kisiwe kilichobaki baada ya wengine kuchagua. Kisha mwambie aje kumwona Tura kila akileta asali mjini.

Sayi umpigie simu, umwambie hutaki kupumzika. Watoto wetu wakiwa mbali wanadhani tukichoka tunataka kupunguziwa watu.

Limebaki la kikombe, na hapa ndipo nakuwa mkali. Lukumani amekuambia kwa upole, mimi nakuambia waziwazi. Mkeo hakukutengenezea wewe kile kikombe. Alikitengeneza siku ya joto akiwa na mbwa akilini, na mbwa huyo analala mbele yake kila mchana, naye haruhusiwi kukigusa. Iko siku umeme utakatika wewe ukiwa umekwenda kufunga milango ya watu, jenereta ya Lukumani haina mafuta, na kitayeyuka gizani pasipo mtu wa kukila. Hutabaki na kumbukumbu. Utabaki na friji ya kufuta.

Kwa hiyo gandisha kwanza vikombe vyako vipya, uvione vimejaa, ujue kesho yake kuna kingine. Halafu siku moja mkishakula mchana, kitoe cha Pelagia. Kifungue ukinuse, kama kimekaa bila kuyeyuka kitakuwa kinanukia papai tu. Kiweke dirishani. Osha vyombo, usiharakishe, na ile sufuria ambayo nina hakika umeiloweka tangu juzi uioshe pia. Ukimaliza kitakuwa kimelainika. Kimimine kwenye kile kisahani cha bati, kikombe kioshe ukirudishe kwenye wenzake kijazwe tena.

Kisha kaa kwenye kiti chako. Gazeti usilishike siku hiyo. Na kisahani kikigonga mguu wa kiti, kirudishe.