Chanjo Uliyoiosha, Elia

Hospitali ya shamba la mkonge, Tanga

Mdogo wangu Elia,

Mama hajambo? Mtama umebeba mwaka huu? Mimi mzima. Barua yako imefika. Imeanza na aya ya Biblia, shikamoo hamna. Hata hivyo, marahaba.

Hapa ndui imeingia kambi ya manamba wakata mkonge, na dresa wa kuwauguza ni mimi. Wa kwanza kuugua alikuwa Ntandu, kijana wa kwetu Ilongero, aliyefika juzi juzi. Nilimuuliza kwa Kinyaturu, "Kwani wewe hukuchanjwa?"

"Nilichanjwa, dresa. Lakini Mwalimu Elia wa kanisani alitupeleka kisimani siku ile ile, tukasugua mikono kwa mchanga. Alisema sisi si ng'ombe wa serikali tupigwe chapa." Akacheka, midomo imejaa malengelenge. "Ndugu yako huyo. Anahubiri vizuri!"

Jumatatu tumemzika.

Sikiliza, nikueleze polepole kama nilivyokufundisha kusoma. Dawa ile hutoka kwa ndama aliyepewa ugonjwa mdogo unaofanana na ndui. Ukichanjwa, mwili hujifunza kupigana, na ndui ikija hukuta umejiandaa. Ukisugua chanjo kabla haijakauka, unabaki na mkwaruzo tu.

Uliniandikia kuwa kuchanjwa ni kukosa imani. Mbona kila jioni unaziba mlango wa zizi kwa miiba? Uache wazi, Mungu afukuze fisi! Kwa ng'ombe wako unatumia akili, kwa watoto wa watu unatumia imani. Mimi husali kabla sijashika kisu cha kuchanjia, tena husali nikimaliza. Wewe umemfanya Mungu pazia la ujinga wako, na ujinga huo umeua mtu.

Na Rebeka, mwanao wa pekee, Ntandu alisema naye ulimwosha.

Barua hii sikuitia posta. Barua za mama unazisoma wewe, na unajua kuruka mistari. Nimempa Isaka, mtoto wa mjomba, anayerudi nyumbani. Ataisoma kwa sauti mbele yako, mbele ya mama na mkeo.

Shemeji Ana, haya sasa ni yako. Dawa ipo dispensari ya Singida mjini. Mbebe Rebeka leo hii, Isaka atakusindikiza. Usimngoje mume wako amalize sala.

Mama, shikamoo. Mjomba mwenye ng'ombe, shikamoo. Shangazi anayeumwa mguu, mpeni pole yangu.

Elia, sogea mlangoni, wapite.

Kaka yako mkubwa,
Yakobo