Nukta Pande Zote Mbili

Jumamosi, 9 Agosti
Sijawahi kuambia mtu: sharti la kuhakiki nililinakili bila kulielewa.

Leo josho, Isinya. Nimekaa na laptop ya Anko kama kawaida. Kisomaji husoma hereni za namba masikioni mwa ng'ombe wa Kokoo, nyanya yangu, wakiingia dawani, tena wakitoka, kinaandika faili. Mimi niliandika skima, maelezo yanayoambia programu kila sehemu ya faili ni nini. Ndani yake sharti moja: waliotoka wawe sawa na walioingia. Jibu la programu: "Sawa." Anko ameniita injinia mbele ya watu. Nimetamani ardhi inimeze.

Jumapili, 10 Agosti
Kokoo amesema mtamba mwekundu hayuko. Yeye hahesabu ng'ombe, ni mwiko. Husimama langoni asubuhi akiwatazama wakitoka, rangi kwa rangi.

Anko akamcheka mama yake. "Yeyo, mashine imesema wote wako. Hayo ni macho ya uzee."

"Na hiyo mashine inamjua mama ya huyo mtamba?"

Watu wakacheka. Mimi pia. Nilimcheka nyanya yangu.

Jumanne, 12 Agosti
Nimefungua skima.

Kwa lugha ya skima, nukta peke yake ni "thamani hii hii ninayosoma." Niliiweka pande zote mbili. Waliotoka wawe sawa na waliotoka. Hata angetoka mmoja, ingejibu sawa. Nilimuuliza mwizi kama ameiba.

Faili lenyewe halikudanganya. Sitaandika hesabu hapa, Kokoo hangependa. Kuna hereni moja imeingia na haijatoka. Ya mtamba mwekundu.

Nimefunga laptop.

Jumatano, 13 Agosti
Anko na Baba wamekubaliana: Kokoo amechanganyikiwa, Jumamosi ng'ombe wote wahamie kwa Anko, Oltepesi. Nilikuwa pale, namimina chai. Nikaendelea kumimina. Mwoga.

Alhamisi, 14 Agosti
Kokoo hakwenda langoni leo. Ng'ombe wametoka bila kutazamwa.

Nimerekebisha. Nukta upande mmoja, walioingia upande ule mwingine. Nikaendesha faili la Jumamosi. "Si sawa."

Jioni imetulia. Baba yuko nje na redio. Nasikia buti za Anko kwa korido, anakuja kuchukua laptop. Siku zote daftari hili hukimbilia chini ya godoro.

Leo nalifungua ukurasa wa Jumanne. Naliweka juu ya laptop.