Pipa la Mama Kulwa

Jumanne, Septemba 1993

Nimempiga jirani yangu, Mama Kulwa, mbele ya watu.

Sisi wa kamati ya kijiji tulikuwa tunatoboa kwa sururu mapipa matupu ya sumu ya wadudu wa pamba kwenye kiwanda cha pamba kilichofungwa, watu wasiyachukue kwa matumizi ya nyumbani. Akalikumbatia moja. "Nitoboe na mimi! Pombe nitapikia nini?" Nikamvuta, akaning'ata, nikamzaba kofi akaanguka, damu puani. Nikalishindilia pipa sururu kwa hasira mpaka likawa kama chekeche.

Akacheka palepale chini. "Hilo lingekuwa la pili, Baba. La kwanza ninalo tangu masika. Jumapili si ulikunywa kwangu vikombe vitatu, ukasifia?"

Vilikuwa vinne. Cha nne nilimpelekea mke wangu, na mimba yake ya miezi saba.