Alama za Kukadiria

Jumatatu, 1 Septemba 1997

Taarifa rasmi kwa wananchi wote: soksi ya kushoto ya mwalimu wa Kompyuta imetoboka. Ilibainika saa tatu asubuhi mlangoni mwa chumba cha kompyuta, ambako Mkuu wa Shule ameamuru viatu viachwe nje. Kidato cha Nne walicheka mpaka wakakohoa. "Mwalimu, kidole kinatuamkia!" Nikaitikia marahaba.

Mashine moja, wanafunzi arobaini na wawili. Mimi mtu wa Jiografia. Nilipelekwa semina siku nne, nikarudi mtaalamu. Wanafunzi hawaruhusiwi kuigusa. Wanabonyeza herufi nilizochora kwenye karatasi ya manila.

Alhamisi, 4 Septemba

Mkuu katangaza kwenye paredi: asiyefaulu Kompyuta hapewi cheti cha kumaliza shule. Shule binafsi zimejaa hapa Igoma siku hizi, kila moja inatafuta cha kujivunia. Sisi tumepata hiki. Rweyemamu wa Hesabu ananiita Profesa wa Manila. Nimecheka. Sikufurahi.

Jumanne, 16 Septemba

Consolata, binti wa Nansio kule kisiwani, kanifuata baada ya kipindi. Mkimya sana. Masista wamempa nafasi ya kusomea uuguzi, ila wanataka cheti cha shule mkononi kabla ya tarehe kumi Oktoba. Aliomba aiguse mashine mara moja tu kabla ya mtihani. Nikamwambia asubiri zamu yake. Amri ya Mkuu. Akasema asante, mwalimu.

Nilijisikia vibaya mpaka chakula cha mchana. Halafu nikala vizuri tu.

Ijumaa, 26 Septemba

Mtihani. Kila mmoja dakika tano: washa, andika jina, hifadhi kwenye diski, zima. Wa kumi na tisa alikuwa katikati ya jina lake umeme ulipokatika. Tulisubiri hadi saa kumi. Haukurudi.

Mkuu anataka alama zote kesho. Mgeni rasmi wa mahafali ameshaalikwa. "Waliobaki wakadirie, bwana. Si unawajua?"

Jumamosi, 27 Septemba

Nimejaza. Wamefeli watatu. Consolata yumo. Mkuu anasema sasa mtihani una heshima.

Kichwa kinauma.

Jumamosi, 4 Oktoba

Mahafali. Pilau, ngoma, hotuba ndefu juu ya karne ijayo. Nilisimamishwa nipigiwe makofi kama mtu aliyeleta teknolojia Mwanza. Nikainama kama bwana harusi.

Consolata alikaa safu ya nyuma, sare imenyooka kwa pasi. Jina lake halikusomwa. Hakulia. Heri angelia.

Jumanne, 7 Oktoba

Baba yake kaja kutoka Nansio. Mkulima wa mihogo, miaka sitini na kitu, ananizidi kwa mbali. Akaniambia shikamoo, mwalimu. Mimi! Nilitamani sakafu inimeze.

Akauliza kwa upole, mbele ya Mkuu: "Mtoto alikosea wapi, mwalimu? Nimwelekeze."

Nikasema alishindwa kuizima vizuri.

Mzee akashukuru. Eti atamwambia ajifunze kuzima. Akachukua kofia yake akaondoka.

Jumapili, 12 Oktoba

Sikwenda kanisani. Rweyemamu alipita, hakunitania. Ana ndugu kwa masista. Nafasi ya Consolata kapewa mwingine.

Niandike ilivyokuwa.

Consolata hakufeli. Hakufanya mtihani. Alikuwa wa thelathini na moja kwenye foleni, umeme haukumsubiri. Hajawahi kuigusa ile mashine, wala kuiwasha, sembuse kuizima.

Jumamosi ile niliwapa wote ishirini na wanne waliobaki alama za kufaulu. Mkuu akanirudishia orodha. Wakifaulu wote, alisema, wazazi watajua ni mchezo. "Nitafutie watatu." Ningeweza kukataa. Angenifokea, basi. Sikukataa. Nilikaa ofisini nikapitia majina, nikitafuta watoto ambao wazazi wao hawatakuja kugonga meza. Wenye baba mjini niliwaruka. Wenye mjomba serikalini niliwaruka. Nikaanza na wa visiwani.

Alama ya kufaulu ni arobaini. Yeye nilimwandikia thelathini na nane, ionekane alijaribu.