Plastiki Mpya Kwenye Pikapu ya Baba

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke, maana nikianza utadhani nilitaka kumwandikia fundi nikapotea njia: jambo lenyewe ni kava la plastiki, lile linalofunika ukingo wa juu wa mlango wa nyuma wa pikapu, na pikapu ni ya baba yangu, na kava hilo nimeshalibadilisha mara mbili tangu Oktoba, na sasa limevunjika tena, na jipya lipo tayari, na mwenzio sijui nilifunge au nisilifunge.

Naishi na baba ranchini kwetu hapa Nebraska tangu mama afariki na mimi niachane na mume wangu, birika moja la kahawa, kazi tunagawana. Tumwite Verlin, ana miaka sabini na saba. Wewe unazijua trela zetu za ng'ombe, zile za shingo ndefu inayopita juu ya mlango wa nyuma wa gari na kushuka kukaa kwenye kichwa cha chuma katikati ya bodi, na unajua kwamba kabla hujarudi nyuma kuifuata trela lazima uteremshe mlango, ukisahau shingo inaugonga. Hakuna mtu hapa ambaye hajawahi kusahau. Unasahau siku moja, unachekwa mwaka mzima, husahau tena.

Basi Oktoba, siku ya kupakia ndama wa kuuza, baba akasahau. Wanaume wote wakaangua kicheko, jirani yetu Dwayne akamwambia, "Verlin, mlango huo umekukosea nini?" na baba akacheka kuliko wote. Bati lilibonyea kidogo tu, plastiki ndiyo ilipasuka. Jioni akaniambia, "Twyla, hebu funga lingine kabla kaka yako hajaja. Atanipigia makelele." Kaka yangu, Rodney, yuko Omaha, ni mtu mzuri lakini ana haraka, tangu tumzike mama anamwambia baba auze ng'ombe ahamie fleti mjini, na baba akisikia neno fleti anaondoka mezani. Nikalifunga. Si kazi kubwa, unafungua skrubu, unabandua vibanio taratibu kuanzia pembeni, unagongomea jipya kwa kiganja.

Februari akasahau tena, na safari hii hakukuwa na mtu wa kucheka, tulikuwa sisi wawili. Kulikuwa na baridi, na plastiki ikiwa baridi inakatika, kwa hiyo nililiweka kava jipya jikoni karibu na jiko mpaka likalainika, na nilipolifunga likawa linang'aa jeusi kabisa na gari lote limepauka, nikaona Rodney ataligundua, nikachukua udongo na brashi ya viatu nikalisugua mpaka likaonekana zee. Baba alisimama ananitazama. Akasema, "Mikono ya mama yako hiyo." Nikafurahi, mshauri. Naona aibu kukwambia jinsi nilivyofurahi.

Sasa wiki iliyopita. Nilikuwa nimesimama pale mbele ya trela, chini ya shingo, nazungusha mkono wa jeki, naye anarudi nyuma, nikaona mlango uko juu, nikapiga kelele, "Baba, mlango! Mlango!" Akanitazama kwenye kioo. Tulitazamana kabisa, macho kwa macho. Akaendelea kuja. Nikaruka pembeni, nikaanguka kwenye matope, nikasikia plastiki inapasuka. Akashuka, akalitazama kava, akanitazama mimi nilivyo matope tupu, akasema, "Mbona hukusema?"

Nikaenda stoo kutafuta vibanio, na nyuma ya magunia ya chumvi ya ng'ombe nikakuta maboksi mawili, makava mapya kabisa, saizi ya gari letu, na sikuyaagiza mimi, na vumbi lilikuwa limeshakaa juu yake, maana yake aliyaweka hapo kabla hajavunja hili la sasa. Nilikasirika sana. Nikasema kumbe mzee huyu ni mjanja hivi, amejipanga kumficha Rodney miaka yote iliyobaki na mimi ananifanya fundi wake.

Jumamosi tunachoma chapa ndama. Majirani wote watakuja, na Rodney atakuja na mkewe na binti zao wawili, ambao hakuna wanachokipenda kama kudandia trela babu yao akiifunga. Jana baba kaniuliza mara mbili kama nimeshafunga kava. Nikilifunga namdanganya kaka yangu, nisipolifunga namsaliti baba, na yeye hapa duniani ana hao ng'ombe, na hiyo pikapu, na mimi. Nifanye nini?

Binti wa Ranchi

*

Binti wa Ranchi,

Kwanza, kwenye barua yako nimefuta rangi ya pikapu na jina la mto, maana wilaya hii ina ng'ombe wengi kuliko watu na kila mtu analijua gari la mwenzake. Hayo majina uliyobadilisha hayamdanganyi hata paka wangu. Na kama mzee mwenyewe anasoma gazeti hili na kahawa yake, na asome.

Pole, mwanangu. Pole kwa mama, pole kwa yale matope. Sasa kaa nikugombeze.

Kava la kwanza ulitengeneza gari, sina neno. La pili, ulipochukua brashi ya viatu na udongo, ulikuwa unaficha kitu, na ulikijua unachokificha. Mtu aliyefunga trela miaka hamsini hasahau mlango mara tatu kati ya Oktoba na Mei. Halafu unaniandikia barua nzima kuhusu plastiki! Ulikoswakoswa kubanwa na gari la baba yako mwenyewe, na swali lako ni kava lifungwe au lisifungwe. Wale binti wa kaka yako hawatajua kuruka kama wewe. Soma sentensi hiyo mara ya pili, halafu tuendelee.

Lakini kuna jambo umelisoma kinyume kabisa, nalo ndilo lililonikosesha raha tangu barua yako ifike. Yale maboksi. Unasema ujanja. Mjanja gani huyo? Nani ananunua kava la akiba la mlango ambao ni mzima? Ananunua yule anayejua kwamba ataugonga tena. Baba yako anajua, Twyla. Huenda alijua kabla yako. Alikwenda mjini peke yake, akasimama kaunta, akasema nipe mawili, akayaficha nyuma ya chumvi, akarudi akaketi na wewe mezani mkanywa kahawa na hakusema kitu. Mzee wa watu anaogopa. Na wewe unaogopa, na mko nyumba moja, kila mmoja na hofu yake chumbani.

Kwa hiyo usilifunge kava kabla ya Jumamosi. Na usiliache tu likining'inia ili Rodney alione akuokoe na kazi ya kusema, huo nao ni woga. Leo, mkimaliza kulisha, teremsha ule mlango wa nyuma, mketi juu yake wewe na yeye, weka boksi moja katikati yenu. Mwambie, "Baba, nimeyaona. Mimi pia naogopa." Halafu nyamaza. Akifoka, mwache afoke. Akiondoka, mngoje hapo hapo, atarudi, hana pa kwenda na ng'ombe hawajanywa maji.

Kisha mpigieni Rodney pamoja, na baba yako ndiye aseme, kama anaweza, kwa mdomo wake. Rodney akianza habari za fleti mwambie Ardith wa gazetini kasema kwanza anyamaze. Mpeni yeye kazi ya kutafuta daktari, mtu mwenye haraka anafaa sana kwa kazi hiyo. Mimi si daktari na sitakwambia ni nini. Kuna usahaulifu unaotoka kwenye dawa za presha au usingizi mbovu, ukatibiwa ukaisha, na kuna usioisha, na hamtajua ni upi mkiendelea kupaka plastiki udongo.

Jumamosi trela aifunge Dwayne, na baba yako asirudi nyuma na gari lolote watoto wakiwa uani. Hakuna hotuba. Mpeni chuma cha chapa mkononi, mpeni farasi, mwacheni awatenge ng'ombe wake, maana naweka dau kwamba anamjua kila mmoja na mama yake. Kunyang'anywa usukani si kunyang'anywa ranchi, na wewe ndiye wa kumwambia hivyo, kabla Rodney hajayachanganya hayo mawili.

Wageni wakishaondoka, fungeni kava jipya. Yeye akushikie skrubu. Usilisugue na chochote, liache ling'ae.

Boksi la pili lirudisheni dukani. Mwende wote wawili, na wewe ndiye uendeshe.

Ardith