Sigara ya Baba Mkwe

Jumapili jioni. Mvua imekatika, matope ya Mukuju, kijijini kwa wakwe zangu, bado yako kwenye viatu vyangu, na mimi nimetulia kama mtu aliyetua gunia.

Leo sikuvuta. Naanza na hilo, maana asubuhi nilitoka nyumbani nikijua kabisa kwamba nitashindwa.

Wanaonisoma hapa wanajua niliacha sigara kwa kuhamia vepu, ile sigara ya umeme. Ilinisaidia, siwezi kuisema vibaya. Kikohozi kilipungua na mke wangu Adikini akaacha kunigeuzia mgongo. Shida ni kwamba upande wetu wa Uganda imepigwa marufuku, kwa hiyo yangu inalala Busia ya Kenya, kwa Mama Akoth anayeuza omena. Kazi yangu ni kutoa mizigo forodhani, kuvuka si tatizo. Lakini juzi nilijikuta kwenye foleni ya kuvuka bila mzigo, bila karatasi, bila shughuli yoyote. Nafuata mvuke tu. Askari akaniuliza naenda wapi, nikageuka nikarudi.

Niliona aibu, kweli.

Ndipo nikaenda duka la dawa kununua chingamu ya nikotini. Dada wa pale alinieleza namna ya kuitafuna, nami nikaitikia kama mtu anayesikiliza.

Leo basi tumeenda kwa wazazi wa Adikini. Wanaume tulizunguka chungu cha pombe, kila mtu na mrija wake, moshi umetanda. Mahali kama pale sigara hunijia hata sijaiita. Mara baba mkwe, Mzee Owor, akatoa pakiti, akawasha yake, akaninyooshea moja.

Sigara ya mkwe unaikataaje?

Nikaipokea kwa mikono miwili. Adikini alikuwa mlangoni mwa jiko, ananitazama, mkono juu ya tumbo. Ni mjamzito, na nilimwahidi kwamba mtoto hatanijua kwa harufu ya moshi. 

Nikaichomeka sigara nyuma ya sikio, nikatupa chingamu mdomoni na kuitafuna kwa fujo kama bablishi. Weee! Koo likachoma, kisha kwikwi zikaanza. Kwikwi mbele ya wakwe! Wazee waliacha mirija wakacheka, na mimi najieleza huku nashtukashtuka: hii ni dawa ya kuachia sigara, inatafunwa kidogo tu halafu inaegeshwa shavuni, wala haichanganywi na pombe. Maneno yote ya yule dada yalinirudia wakati huo, nimeshachelewa.

Mzee Owor hakucheka. Alikohoa, kile kikohozi chake kirefu ambacho pale nyumbani hakuna anayekitaja. Akanyoosha mkono, akaitoa ile sigara sikioni mwangu na kuirudisha kwenye pakiti.

"Hiyo dawa unatafuna," akasema polepole, "mimi napata wapi?"

Wakati wa kurudi Adikini alinishika mkono mpaka stendi. Sijui kama chingamu itanifikisha mwisho. Huenda siku moja nitarudi kwa Mama Akoth kuomba mvuke wangu, na hata hiyo itakuwa afadhali kuliko sigara. Ila leo nimepona, jamani, na moyo ni mwepesi.

Kesho duka la dawa likifunguliwa, nitaomba pakiti mbili.